Uso wa Zakariya Kwenye Ukuta wa Stesheni

Mwaliko ulisema kwamba sisi sote tuliochora kuta za Stesheni tungekutana tena baada ya miaka mingi, kwenye hoteli moja kule juu Kinanira, na kwamba chakula cha mchana kingekuwapo. Chakula kilikuwapo. Mishikaki ya mbuzi ililetwa kwenye sinia, na ndizi za kukaanga, na vitunguu vilivyokatwa vyembamba hadi ukaona upande wa pili. Bwana Anselme, aliyekuwa mratibu wetu, alisimama na glasi mkononi. Nyuma yake walikuwa wametundika picha iliyokuzwa hadi ikatoshana na mlango: ukoo mmoja umesimama mbele ya ukuta, mwanamume ameshika fimbo, wageni pembeni wanapiga makofi, na juu yao uso mkubwa wa mtu uliochorwa. "Tazameni furaha ile," alisema Anselme. "Sisi ndio tuliowapa furaha ile." Nilirudisha mshikaki kwenye sahani. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yameanza kuganda kandokando, meupe, nikayatazama hayo ili nisimtazame yeye. Déo, aliyechora uso ule, tulimzika mwaka jana, na mpaka sahani zikaondolewa hakuna aliyetaja jina lake.

Nimerudi nyumbani Ngagara nikiwa bado na ladha ya mafuta yale mdomoni, na nimekaa kuandika. Nitaandika jambo moja baada ya jingine, kwa sababu karaha isiyo na mpangilio ni kelele tu, na kelele nimezisikia za kutosha.

Nchi yetu haijawahi kuwa na treni, lakini Bujumbura ilikuwa na stesheni. Zamani za wakoloni reli iliyotoka pwani iliishia Kigoma, na kutoka hapo mizigo ilipanda ziwa kwa meli hadi kwetu. Kampuni ya reli ikajenga jengo lake karibu na bandari, kama ilivyojenga popote penye reli: ukumbi wa kungojea, dirisha la tiketi lenye vyuma, paa lililoinuka katikati, na juu ya mlango tundu la mviringo lililokuwa na saa. Mtu alikata tiketi ya treni hapo, akapanda meli, treni akaikuta Kigoma. Kampuni ilipoondoka, ukumbi ukawa ghala la chumvi, kisha la simenti, kisha la ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa, na mwishowe hapakuwa ghala la kitu chochote. Mwaka ninaousimulia vita vilikuwa vimetulia, na kila mwenye gari jeupe la shirika alikuwa akitafuta ukuta wa kuchorea amani. Kamati ya Bwana Anselme ilipata Stesheni. Wakaaji wa mitaa, ilisemwa, wangechagua wenyewe wanachotaka kukiona kwenye kuta zao.

Nilikuwa kijana niliyeacha shule, nikichora vibao vya saluni na vya wauza nyama. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa cha mafundi rangi, kisicho na jalada, na kamusi ya kukisomea, na kwa sababu hiyo Déo alikuwa akiniita Profu, mwanzoni kwa kunidhihaki na baadaye kwa mazoea. Yeye alikuwa mchoraji kweli. Kazi yangu ilikuwa kuuandaa ukuta kabla hajaugusa, na hivyo nilikuja kuujua kuliko ninavyopenda kukumbuka. Upande wa barabarani ulikuwa choo cha wanaume wa bandari, na mkojo wa miaka ulikuwa umefanya gamba la kahawia, ambalo lilipokwanguliwa lilinuka upya, kana kwamba limekojolewa muda huohuo. Ndani, mavi ya popo yalikuwa yamejaa kwenye mbao za dari na yaliniangukia kwenye kola. Chini, mahali magunia ya ndagala yalipoegemezwa, plasta ilikuwa imenywa mafuta ya samaki, na kidole kikibonyeza kiliteleza. Nilikwangua, nikaosha, nikakwangua tena. Usiku shuka langu lilinuka Stesheni. Makopo ya rangi ya mafuta yaliyoletwa na kamati yalishindwa na ukuta ule: chumvi iliyobaki ndani iliisukuma rangi hadi ikafura malengelenge, na ukiyapasua yalitoa maji ya chumvi. Tukaamua kutumia chokaa na rangi za unga, kama walivyofanya waliojenga.

Tulikula ndani ya chumba cha tiketi, mimi na Déo, tukikalia mifuko ya chokaa. Sufuria yetu ilikuwa ya maharage na bugali, na kulipokuwa na bahati, mbilingani. Kamati ilikula upande wa pili, kwenye ukumbi, mezani, na dirisha la tiketi lililokuwa kati yetu lilizibwa kwa ubao mmoja tu. Walisahau kwamba dirisha lile lilijengwa ili watu wasikilizane. Tulisikia wanavyovunja mifupa ya kuku. Tulisikia mmoja akisema wachoraji wapewe sabuni kabla ya wageni kufika, si kwa ajili ya kuta, na wengine wakicheka mpaka mtu akapaliwa. Sijawahi kuwachukia watu wanaokula vizuri. Lakini mpaka leo, nikisikia mtu anacheka mdomo ukiwa umejaa, huondoka mezani.

Kwenye pembe ya jengo palikuwa na mwanamke aliyekaanga ndagala na kuuza pamoja na mkate, Mama Yvonne. Mumewe, Zakariya, alikuwa mchukuzi wa bandari. Alipanda mashua ya mizigo kwenda Kalemie, ng'ambo, nayo haikufika huko wala haikurudi. Mwili haukupatikana. Kitambulisho chake, chenye picha yake ya pekee, kilikuwa mfukoni mwake. Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa habari, kama wachukuzi wenzake wasingekuwa na ulimi. Walikuja kununua samaki, wakasimama na mkate mkononi, na mmoja lazima aseme:

"Mama Yvonne, salamu kutoka Kalemie! Bwana amenenepa kule, wanamupikia vizuri!"

"Mwambie anitumie mafuta basi, haya yanakwisha," angejibu, na wangecheka wote, naye pia. Kisha angeacha samaki waungue, na kuwageuza wakiwa weusi.

Kwetu msiba hauishi kwa kuzika. Unafungwa baadaye, siku ya kuganduka: ukoo unakusanyika, mzee anasema mbele ya watu kwamba fulani amekufa na amekwisha kuliliwa, kinywaji kinapita, mjane anasema neno lake, na kuanzia hapo anaruhusiwa kuwa hai. Hufanywa mara moja. Mama Yvonne hakuwa amefanyiwa. Ami ya Zakariya, Muzee Barnabé wa Kanyosha, mshingantahe, mzee wa baraza mwenye fimbo yake, alikuwa amekataa kwa ustaarabu: hapana kaburi, hapana mwili, hapana hata picha, watu wasimame mbele ya nini? Basi Mama Yvonne akabaki mke wa mtu, nusu ya bandari ikimcheka na nusu ikimhurumia. Kwenye harusi alikaa mlangoni. Alipokuja kwa Déo na sahani ya ndagala iliyofunikwa kwa karatasi, alisema tu kwamba amesikia wakaaji wanachagua, na kwamba yeye amechagua bwana yake.

Kazi ile ilichukua majuma. Déo alichora kwa makaa, Mama Yvonne akitazama kutoka kwenye jiko lake, na Gaspard, mdogo wake Zakariya, aliitwa kutoka Kanyosha akakalishwa juu ya mfuko wa chokaa ili aazimwe sura.

"Pua apana," Mama Yvonne alisema siku moja. "Iyo ni pua ya padri. Bwana yangu alikuwa na pua ya kunusa chakula."

"Mama, pua ya kunusa chakula ndio ipi?"

"Pana, sha! Inafika mbele ya mwenyewe."

"Na masikio?"

"Masikio chukua ya Gaspard. Kwao wote ni masikio ya sahani."

"We shemeji, unanitukana mbele ya watu?" Gaspard alilalamika.

"Nakusifu. Ndicho kitu chenye mama yenu aliwagawia bila kupunja."

Déo alicheka mpaka akashuka ngazini. Alifuta, akachora, akafuta. Mdomo ndio uliomshinda zaidi, mpaka siku ambayo Mama Yvonne alisema, polepole, bila mzaha, "Fungua kidogo. Kila saa alikuwa anataka kusema kitu, halafu hasemi." Déo alipitisha kidole kwenye mstari wa makaa mara moja tu. Mama Yvonne alitazama. Aliinua karai la mafuta kutoka motoni, akalifunika, akaenda nyumbani, na siku hiyo wachukuzi walikula mkate mkavu. Baada ya Déo kutia rangi, wanaume wa bandari waliacha kukojoa upande ule. Hakuna aliyewakataza. Nadhani hakuna aliyeweza kufungua suruali huku Zakariya anamtazama.

Muzee Barnabé aliletwa kwa baiskeli ya abiria, mguu wake mbovu umenyooshwa pembeni. Alisimama mbele ya ukuta. Alivua kofia. "Ni yeye," akasema. "Sasa kuna pa kusimama." Siku ya kuganduka ikapangwa, Jumamosi, mbele ya uso ule. Sijui kama nimeona uso wa mtu ukifunguka kama ulivyofunguka wa mwanamke yule, na tangu hapo alianza kuhesabu siku kwa sauti, kama mtoto anayesubiri Krismasi.

Kamati nayo ilikuwa imechagua Jumamosi hiyohiyo kuzindua jengo. Tulisikia kupitia dirishani, mchana, tukiwa na maharage mdomoni.

"Watu wa yule mama wa samaki wanataka kufanya mambo yao hapa," ilisema sauti ya mwanamke. "Tuwaambie wahamishe siku?"

"Wacha waje," alisema Anselme. "Ni animasiyo ya bure. Tutawapa hema na vinywaji."

"Lakini si ni msiba?"

"Ni msiba wa zamani. Hawatalia sana."

Kijiko cha Déo kilibaki hewani. Nilitoka nje na kuyatema maharage nyuma ya jengo, mahali ambapo nilikuwa nimepaosha kwa mikono yangu. Kisha tukaenda moja kwa moja kwenye pembe na kumwambia mwenye msiba.

"Wanasema mtakuwa animasiyo," Déo alisema.

"Iyo inaliwa?"

"Mchezo, mama. Wa kufurahisha wageni."

Aligeuza samaki wote, mmoja mmoja, kabla ya kujibu. "Hema ni hema. Muzee Barnabé ana mguu mubaya, hawezi simama ku jua. Tutafanya asubuhi, wageni wao bado wako mu hoteli. Tukimaliza, tunakwenda. Watatukuta wapi?"

Ulikuwa mpango mzuri. Nimeutafakari mara nyingi na bado sioni kosa lake, isipokuwa kwamba ulitegemea ukoo kuondoka mahali ambapo bia ilikuwa haijafunguliwa.

Asubuhi ile walikuja wakiwa wamevaa vizuri na hawasemi sana. Sala ilikuwa fupi. Muzee Barnabé alisimama kwa fimbo yake, akautazama uso, si sisi, akasema kwamba Zakariya, mtoto wa ndugu yake, alikufa ziwani, kwamba hakwenda kuishi popote, na kwamba anayesema vingine asiseme tena. Wachukuzi wawili watatu waliokuwa wamesimama nyuma waliinamisha macho. Kibuyu cha pombe ya mtama, walichotoka nacho Kanyosha, kilipita, kila mtu akinywa kwa mrija. Ikawa zamu ya mjane. Alikuwa amenyoa nywele. Alisema, "Zakariya alikufa mu mazi. Nilimulilia. Leo naacha." Akanywa. Watoto wake wakanywa baada yake. Upepo wa ziwa ulipita chini ya hema, na Déo, aliyekuwa amesimama kando yangu na mikono nyuma, alipumua kama mtu anayeteremsha mzigo. Nimehudhuria mengi tangu hapo, maofisini na makanisani. Sijaona jambo lililofanywa vizuri kiasi kile.

Muzee Barnabé akarudi Kanyosha. Wengine walipaswa kumfuata. Lakini kreti za kamati zilikuwa zimepangwa chini ya hema, na mlinzi alikuwa ameagizwa asizifungue mpaka wageni wafike, na Gaspard akasema, tungojee kidogo, ni kutukana kuacha kinywaji cha watu. Wakangoja. Jua likapanda. Wageni walifika karibu na adhuhuri, wametoka kula, wanatoa nyama kwenye meno. Anselme alitazama kibuyu kitupu.

"Mmemaliza? Nani aliwaambia muanze?"

"Shefu, ni jambo la ukoo," alisema Gaspard.

"Basi murudilie. Kidogo tu, wageni waone."

"Kurudilia kuganduka?" Gaspard aliangalia chini. Nilikuwa karibu nao, nikamwona akihesabu chupa kwa macho. "Na zile kreti?"

"Zote."

Wakarudia. Mzee hakuwapo, kwa hiyo dereva wa kamati alikalishwa kwenye kiti chake, na kwa sababu mzee alikuwa ameondoka na fimbo yake, Anselme aliingia chumba chetu, akang'oa mpini wa brashi ya chokaa, akampa. Kibuyu kilijazwa maji. Dereva alisema maneno ambayo hakuna aliyeyasikiliza, akakosea jina la marehemu, akasahihishwa, akaanza upya. Gaspard, ambaye asubuhi hakutoa chozi, sasa alilia kwa sauti, na mpiga picha alimwomba ageukie kwenye mwanga, naye akageuka akiwa analia. Wageni walipiga makofi baada ya sala. Mgeni mmoja aliuliza kwa Kifaransa kama mavazi yale ni ya kikundi cha ngoma. Nilisimama nikiwa na harufu ya popo kwenye kola yangu, na kwa mara ya kwanza niliiona ni harufu safi.

Mama Yvonne alikuwa amekaa kwenye pembe yake, kando ya jiko lisilo na moto. Anselme alimfuata.

"Mama, lile neno lako."

"Nililisema."

"Wageni hawakusikia."

"Zakariya alikufa asubuhi, shefu. Mi siko na bwana wa mchana."

Anselme alicheka, akawageukia wageni, akawatafsiria kitu kingine, nao wakatabasamu. Alimshika kiwiko, akamwinua, akamsimamisha katikati ya ukoo, na hapo ndipo picha ikapigwa. Alipoachiwa alikuja moja kwa moja kwangu.

"Profu, chokaa iko wapi?"

"Ndani, kwenye pipa. Nimeikoroga leo."

Alitoka na ndoo na ile brashi pana isiyo na mpini, ameishika kwa mgongo wa mbao kama mtu anayesugua nguo. Ngazi ilikuwa imelazwa ukutani. Nilimwangalia Déo. Ilikuwa kazi yake, nzuri kuliko zote alizofanya kabla au baada, na alijua. Alikwenda, akaisimamisha ngazi, akaishika kwa mikono miwili, na Mama Yvonne akapanda. Alianzia kwenye paji la uso.

"Shemeji! Unafanya nini?" Gaspard alipiga kelele, chupa mkononi. "Ni kaka yangu huyo!"

"Kaka yako mutafute mu kreti," alisema bila kugeuka. "Huyu ni bwana yangu."

Alipaka macho, ile pua pana, masikio, na mwisho mdomo, kwa mipigo mirefu ya brashi, ya juu kwenda chini. Wageni waliona ni sehemu ya desturi, wakapiga makofi kwa kufuata mwendo wa mkono wake. Alishuka, akamrudishia Déo brashi, akachukua karai lake, akawaita watoto. Wakaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Kanyosha, naye hakuwa mbele wala nyuma yao, bali katikati.

Anselme alitazama ukuta na kushusha pumzi. Chokaa ikiwa mbichi ni maji tu, haifichi kitu. Uso wa Zakariya ulikuwa bado pale, umelowa, macho yote mawili, mdomo umefunguka kidogo. "Si kitu," aliwaambia watu wake, "imeteleza." Alipanda kwenye jukwaa, akageuza mgongo wake ukutani, akakunjua karatasi zake. Hakuna aliyekuwa amemweleza tabia ya chokaa ikikauka, na mimi sikufungua mdomo. Jua la mchana lilikuwa linapiga ukuta sawasawa. Alipowashukuru wafadhili, paji la uso likaanza kupauka. Alipofika kwenye amani, macho yakawa kivuli. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya wajibu wa kutowasahau waliotutoka, na nyuma yake mdomo ukajifunga, kisha haukuwapo. Alipomaliza hapakuwa na kitu ila ukuta mweupe, mkavu, na wageni wakapiga makofi.